Mzigo wa stesheneri baharini sio mzigo mmoja

Kuna mizigo ukiitaja tu watu wa meli wanakaa sawa: kemikali, vioo, magari, matunda ya kontena la baridi. Ukitaja stesheneri wanapumua. Madaftari, kalamu, faili, rimu za karatasi, sasa hapo kuna nini cha kuharibika? Mi kazi yangu ni kuandaa mizigo ya vifaa vya ofisi na shule ipande meli, na nasema bila kusita kwamba huu ni mzigo unaodharauliwa kuliko unavyostahili, na sababu ni moja tu, kinachoitwa stesheneri sio kitu kimoja. Ni karatasi ambayo ni nzito na inakunywa unyevu, ni plastiki ambayo haina uzito ila inakula nafasi, ni chuma, ni mpira, ni wino, ni gundi inayoshika moto, ni betri. Vyote hivyo vinatupwa kwenye invoisi moja chini ya neno moja, na shida karibu zote nilizowahi kuziona zimeanzia hapo, kabla hata meli haijang'oa nanga.

Tuanze na karatasi maana ndo inayoamua mambo mengi.

Karatasi ya A4 ya gramu 80 ina hesabu nzuri sana ambayo kila anayeshipa anatakiwa awe nayo kichwani. Zile gramu 80 ni uzito wa mita moja ya mraba, na A4 ni moja ya kumi na sita ya mita ya mraba, kwa hiyo karatasi moja ina gramu 5. Rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5, katoni ya rimu tano ni kilo 12.5 ukiacha boksi lenyewe, katoni 80 ni tani moja. Na hiyo tani nzima inakaa kwenye nafasi ya kama mita moja na nusu ya ujazo tu. Sasa chukua kontena la futi 20, ndani lina kama mita 33 za ujazo. Ukiweka tani 20 za karatasi, yani katoni 1,600, unatumia kama mita 29 au 30 hivi, kontena linakuwa limejaa na uzito wake umeshakuwa wa kuheshimika. Inakaa vizuri kabisa, utadhani walipolitengeneza walikuwa na karatasi mkononi.

Sasa njoo kwenye futi 40. Nafasi ndani ni kama mita 67, mara mbili ya lile dogo, kwa hiyo mtu anapiga hesabu ya haraka kwamba ataweka tani 40 na atakuwa ameokoa hela. Haiwezekani. Kontena la futi 40 linaruhusiwa uzito unaokaribiana sana na la futi 20, lenyewe likiwa tupu lina karibu tani 4, na likitoka bandarini linapanda lori, na barabara za nchi nyingi zina kikomo chake ambacho mara nyingi kiko chini kuliko hata kile kilichoandikwa kwenye mlango wa kontena. Ukiishia tani 26 za karatasi umetumia mita 38, zilizobaki ni hewa, na umeilipia. Kuna mteja mmoja nilikuwa namsaidia alikuwa na msimamo kabisa kwamba kontena kubwa ndo la faida, "dada, mimi sitaki kubanana", tukakaa tukapiga hesabu kwa kalamu mpaka akaona mwenyewe kwamba anachotaka ni futi 20 mbili, au futi 40 moja yenye karatasi kidogo na vitu vyepesi juu yake.

Na hapo ndo penye utamu wa hii kazi. Faili zile kubwa zenye mkono wa chuma, trei za plastiki za mezani, ndoo za takataka za ofisini, mabango ya kuandikia, hivi vitu vinajaza kontena halafu mizani haishtuki. Mita moja ya ujazo ya faili haifiki hata robo ya uzito wa mita moja ya rimu. Kwa hiyo mtu anayeagiza faili peke yake analipia hewa, anayeagiza karatasi peke yake anagota kwenye uzito, na anayejua kuchanganya anapata kontena lililojaa pande zote mbili, karatasi chini imetandazwa sawasawa kuanzia mbele mpaka mlangoni (sio kurundikwa upande mmoja, kontena lililolemea upande mmoja ni hatari kwenye krini na ni hatari zaidi barabarani), halafu madaftari, halafu faili na plastiki juu kabisa. Nafurahi sana nikiona kontena limepangwa hivyo. Kuna akili ndani yake.

Kama mzigo wako haufiki kontena zima ukaamua kuchangia na wengine, kule wanalipisha kwa mita ya ujazo au tani, kipi kikubwa. Yani mita moja inahesabiwa sawa na kilo 1,000. Kwa vitu vingi vya stesheneri utalipa kwa ujazo, hata karatasi yenyewe. Vitakavyokushangaza ni pini za stepla na klipu za chuma, hizo zinaweza kupita tani ndani ya mita moja, na ghafla unakuta unalipishwa kwa uzito. Ukilinganisha na ndege, kule mita moja ya ujazo inahesabiwa kama kilo 167 tu, ndo maana karatasi ikipanda ndege unaumia vibaya, na ndo maana karatasi na bahari wanaelewana.

Uzito wenyewe usiandike wa kukisia. Tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria ya usalama wa baharini, ile SOLAS, inadai uzito uliothibitishwa wa kila kontena lililopakiwa kabla halijapanda meli, watu wanauita VGM. Kuna njia mbili, upime kontena zima likiwa limeshafungwa, au upime kila kilichoingia, na paleti na mbao na vifungashio vyote, ujumlishe na uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Kwa karatasi hii njia ya pili ni rahisi kwa sababu ile hesabu ya gramu 5 inakulinda, jumla ikija haifanani na idadi ya katoni unajua papo hapo kuna kitu hakiko sawa, aidha katoni zimepungua au karatasi sio ya gramu 80 uliyoilipia.

Hiyo ya mwisho irudie kuisoma. Mizani inakwambia kama umeuziwa gramu 70 kwa jina la 80. Katoni ya gramu 70 inakuja kama kilo 10.9 badala ya 12.5, na hakuna maneno matamu ya muuzaji yanayoweza kubishana na hilo.

Haya, unyevu. Hapa ntakaa kidogo maana ndo unaoharibu stesheneri nyingi kuliko mawimbi na wezi wakiwekwa pamoja, angalau kwa ninayoyaona mimi.

Watu wakisikia karatasi imelowa baharini wanafikiria maji ya chumvi yameingia kwenye kontena. Inatokea, kontena likiwa na tundu. Ila mara nyingi maji hayajatoka nje. Yalikuwemo. Karatasi ya kuprintia ikiwa kavu kabisa kwa macho yako bado ina unyevu ndani yake, kama asilimia 4 hadi 5 ya uzito wake, kwa hiyo kwenye kontena la tani 20 za karatasi umefunga mlango ukiwa na karibu tani nzima ya maji ndani. Ongeza paleti za mbao ambazo kama hazikukaushwa vizuri zina maji mengi zaidi, ongeza maboksi yenyewe, ongeza hewa ya siku ya mvua iliyoingia wakati mnapakia. Mchana jua linapiga bati la kontena, ndani kunapanda joto, unyevu unatoka kwenye mbao na karatasi unaingia kwenye hewa. Usiku bati linapoa haraka, ile hewa yenye unyevu inagusa dari la baridi, inageuka matone, matone yanadondoka juu ya katoni. Kesho tena hivyo hivyo. Mzigo ukitoka sehemu ya joto kwenda ya baridi ndo mbaya zaidi, na ukitoka baridi kwenda joto unaweza kukuta jasho linatokea juu ya mzigo wenyewe mkifungua mlango, maana mzigo bado wa baridi na hewa inayoingia ni ya joto. Safari ya wiki tano au sita hiyo, fikiria.

Matokeo yake hata kama hakuna katoni iliyolowa chapachapa, karatasi inajikunja pembeni, printa inaikwamisha, mteja anakwambia umemletea karatasi mbovu. Bahasha zinajigandisha zenyewe kabla hazijatumika. Lebo za kubandika zinaanza kuvuja gundi kwenye kingo. Madaftari yenye jalada gumu yanapinda kama ubao uliosahaulika nje, pini zinashika kutu, na maboksi ya chini yanalegea, kwa sababu boksi la karatasi likivuta unyevu linapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, safu ya chini inabonyea, nguzo nzima inainama.

Dawa zake hazina ajabu ila lazima zifanyike zote. Kontena likiletwa ingia ndani, mwenzako akufungie milango yote miwili, tulia ukiwa gizani, ukiona mwanga popote hata kama ni nukta, rudisha hilo kontena. Gusa sakafu kama imelowa. Nusa, maana karatasi inabeba harufu, kontena lililokuwa na ngozi au kemikali kabla yako litakuachia zawadi kwenye madaftari ya watoto. Weka vifuko vya kunyonya unyevu vya kloridi ya kalsiamu, vya kontena, sio vile vipakiti vidogo vya kwenye viatu, na uchague vile ambavyo maji yakiingia yanageuka kuwa kama jeli ili yasije yakamwagika juu ya kile unachokilinda. Tandika karatasi nzito juu ya safu ya mwisho ipokee matone. Funga paleti na nailoni ila usifunge rimu ambazo tayari zimelowa, maana utakuwa umefungia ugonjwa ndani. Na usipakie kwenye mvua. Najua ratiba inabana, najua lori liko nje na dereva anapiga honi, usipakie kwenye mvua.

Paleti na mbao za kukazia zina sharti lingine la kimataifa, ISPM 15, kwa ajili ya wadudu. Mbao zinatakiwa zipashwe moto mpaka katikati yake ifike nyuzi 56 na ikae hapo dakika 30, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyokubalika, halafu zigongwe muhuri wenye ile alama ya shuke la ngano. Kosa muhuri kwenye paleti chache tu na mzigo wako mzuri wa kalamu unaweza kuzuiwa, kufukizwa kwa gharama yako au kurudishwa ulikotoka. Za plastiki au za mbao zilizosindikwa kwa gundi hazina hilo sharti, na kwa stesheneri nazipenda zaidi, hazina wadudu na hazitoi maji.

Kingine ni joto, na hili nalipita haraka. Kontena lililokaa juani linaweza kupita nyuzi 60 karibu na dari. Krayoni za nta, gundi za fimbo, kalamu za jeli, hivyo vitu visikae safu ya juu kabisa. Basi.

Sasa mizigo hatarishi. Hapa ndo naomba tusikilizane kwa sababu hapa kuna roho za watu.

Hakuna anayeamini kwamba kwenye boksi la vifaa vya ofisi kuna mzigo hatarishi mpaka umwoneshe. Maka peni nyingi za kudumu na baadhi ya zile za ubao zina vimiminika vinavyoshika moto. Dawa ya kusafishia ubao mara nyingi ni spiriti. Wino wa kufutia makosa, ule mweupe wa kichupa, aina nyingi zina viyeyusho vinavyowaka. Gundi za kuyeyushwa na viyeyusho zinaangukia UN1133 (hizi namba za UN ndo za kimataifa za kutambulisha mzigo hatarishi), wino wa kuchapishia unaoshika moto ni UN1210, zote klasi ya 3, yani kundi la vimiminika vinavyowaka. Makopo ya hewa ya kupulizia vumbi kwenye kibodi ni UN1950, klasi ya 2. Betri za lithiamu zikiwa peke yake ni UN3480, na pawabanki inahesabiwa humohumo, zikiwa ndani ya kifaa au zimefungashwa pamoja nacho ni UN3481, zile za lithiamu zisizochajiwa ni UN3090 na UN3091, klasi ya 9. Kwa hiyo lile boksi la "mchanganyiko wa vifaa vya ofisi" linaweza kuwa na klasi tatu ndani yake huku kwenye hati limeandikwa kama madaftari.

Vingi kati ya hivi, vikiwa kwenye vichupa vidogo, vina nafuu kwenye kanuni za IMDG, zile za kimataifa za mizigo hatarishi baharini, kuna mpangilio wa kiasi kidogo unaopunguza masharti, na betri ndogo zina nafuu yake pia. Lakini nafuu sio ruhusa ya kunyamaza. Nafuu yenyewe ina masharti ya kufungasha na alama za kubandika, na huwezi kuipata bila kwanza kujua una nini. Njia ya kujua ni kumwomba mtengenezaji karatasi ya usalama ya bidhaa, SDS, ina sehemu 16, nenda moja kwa moja sehemu ya 14, ndo inayohusu usafirishaji. Kama sehemu ya 14 inasema sio mzigo hatarishi, hifadhi hiyo karatasi utaulizwa. Kama ina namba ya UN, tangaza. Kalamu za kawaida za wino wa mafuta, penseli, gundi nyeupe ya maji na ile gundi ya fimbo kwa kawaida hazina shida, kwa hiyo sio kwamba kila kitu kinatisha, ni vitu vichache tu, ila hivyo vichache ndo vinafichwa.

Na vinafichwa kwa sababu mzigo hatarishi unalipiwa zaidi na baadhi ya mameli hayautaki. Kuna muuzaji aliwahi kuniambia kwenye simu, kwa upole kabisa, kwamba niandike tu "kalamu", kila mtu anafanya hivyo. Sikuandika, na mzigo ulichelewa meli ile ukapanda iliyofuata. Machi 2018 meli ya Maersk Honam ilishika moto kwenye Bahari ya Arabia, moto ulianzia kwenye shimo la makontena, mabaharia 5 wakapoteza maisha. Sisemi ilikuwa stesheneri. Nasema mabaharia wanalala juu ya kile tulichokiandika kwenye karatasi, hawana namna nyingine ya kujua kilichomo ndani, na moto ukianza katikati ya bahari wanaouzima ni wao wenyewe. Maka peni kumi au katoni mia, andika ukweli.

Hii inanipeleka kwenye karatasi za mzigo, yani hati, ambako lile neno stesheneri linaleta balaa la pili.

Forodha duniani kote wanatumia namba za HS, za kupanga bidhaa kwa aina yake, tarakimu sita za kwanza zinafanana karibu kila nchi. Na ukifungua kitabu chao hukuti mlango mmoja wa vifaa vya ofisi. Karatasi ya kuprintia iko 4802. Madaftari na shajara 4820. Bahasha 4817. Kalamu za wino na maka peni 9608, penseli na krayoni 9609, lakini kichongeo cha penseli kiko 8214, na kifutio cha mpira kiko 4016 kwa sababu ni mpira. Rula na vifaa vya kuchorea 9017. Mkasi 8213. Pini za stepla na klipu 8305, stepla yenyewe 8472 kama mashine ya ofisi. Kalkuleta 8470. Mihuri ya tarehe 9611, pedi ya wino wa muhuri 9612. Vifaa vya ofisi vya plastiki 3926, gundi 3506, wino 3215, ubao wa kuandikia 9610. Dawati moja la ofisi, na umeshapita nusu ya kitabu, na kila namba ina ushuru wake.

Ndo maana invoisi inayosema "vifaa vya ofisi, katoni kadhaa" ni mwaliko wa kukaguliwa. Afisa hana la kufanya zaidi ya kufungua, na kontena likifunguliwa na kushushwa siku zinahesabika, storeji inahesabika. Ulaya na Marekani wanataka taarifa kabla hata mzigo haujapakiwa, Marekani ni angalau saa 24 kabla ya kupanda meli, na maelezo ya jumla jumla yanarudishwa. Ushauri wangu, pakingi listi iandaliwe katoni kwa katoni, kila katoni ina namba, kila namba inasema kuna nini, vipande vingapi, uzito gani, HS gani. Ni kazi ya kuchosha kwa siku mbili inayookoa wiki mbili.

Na kuna kitu ambacho wengi hawakitegemei kabisa, penseli ina siasa. Marekani wana ushuru wa kuzuia bei ya kutupa, yani bidhaa kuuzwa nje kwa bei ya chini isiyo ya haki, kwa penseli za mbao kutoka China tangu 1994. Tangu 2006 wana nyingine kwa karatasi zenye mistari, yani madaftari ya shule, kutoka China na India. Ulaya mwaka huohuo wa 2006 waliweka kwenye zile mashine za chuma za ndani ya faili kubwa kutoka China. Ushuru wa namna hii unaweza kuzidi faida yako yote na unakuja juu ya ushuru wa kawaida, unaangalia nchi bidhaa ilikotengenezwa na sio bandari ilikopakiwa, kwa hiyo kabla hujalipa chochote tafuta kama bidhaa yako na nchi yake vina kitu kama hicho kule mzigo unakokwenda. Hivi vitu vinabadilika, vingine vinafutwa vingine vinaongezwa, muulize wakala wa forodha wa kule kwenye bandari ya mwisho na sio wa huku.

Masharti ya kuuziana sitayachambua yote. Wengi wanauziana kwa FOB (jukumu la muuzaji linaishia mzigo ukiwa juu ya meli) hata kwa makontena ingawa kwa kontena FCA (linaishia anapomkabidhi msafirishaji) ndo inayofaa, kwa sababu mzigo unakabidhiwa yadi na sio juu ya meli, na zile siku za katikati lazima ziwe na mwenyewe. Ukinunua kwa CIF, bei yenye nauli na bima ndani, muuzaji anakukatia bima, ni kweli, ila analazimika kukata ile ya chini tu, kundi C kati ya makundi matatu, A, B na C. Na kundi C linahusu mambo makubwa kama moto, meli kuzama, kugongana. Maji ya bahari yakiingia kwenye kontena lako hayamo, hayo yako kundi B. Jasho la kontena ndo kabisa, hapo unataka kundi A, na hata kundi A halilipi kama ulifungasha vibaya au mzigo umejiharibu kwa asili yake. Ukisoma tena ile habari ya tani moja ya maji ndani ya karatasi utaelewa kwa nini mkaguzi wa bima atauliza vifuko vya unyevu vilikuwa vingapi. Piga picha wakati wa kupakia.

Bima ina kazi nyingine ambayo watu wa mizigo midogo hawaijui mpaka iwakute. Tarehe 23 Machi 2021 Ever Given ilikwama Mfereji wa Suez, ikachomolewa tarehe 29, halafu mwenye meli akatangaza hasara ya pamoja, maana yake gharama za kuokoa meli zinagawanywa kwa wote waliokuwa na mali ndani, kila mtu kwa thamani ya mali yake, hata kama katoni zako hazijaguswa. Meli ikashikiliwa Misri mpaka Julai 7. Mwenye bima anamwachia kampuni yake ya bima atoe dhamana, asiye na bima anatoa pesa taslimu au hapewi mzigo. Kontena la madaftari!

Kuchelewa ndo hakuna bima ya kawaida inayokulipa, na stesheneri ni mzigo wa msimu kuliko watu wanavyofikiri. Madaftari yanauzwa kabla shule hazijafungua. Shajara na kalenda, ikipita wiki chache za Januari ni karatasi tu. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, safari kati ya Asia na Ulaya zikaongezeka kama siku kumi au wiki mbili. Kwa mzigo wa kalenda mimi hesabu zangu zinaanzia mwisho, siku ya kuuza, narudi nyuma siku za forodha, siku za bandari, safari ndefu na sio fupi, halafu naongeza mwezi. Mteja akinuna kwamba kalenda zake zimekaa stoo mwezi mzima kabla ya kuuzwa, anune.

Mzigo ukifika, kabla ya kukata lakiri soma namba yake na uilinganishe na iliyoandikwa kwenye BL, ile hati ya meli ya kupokea mzigo, piga picha ikiwa bado imefungwa. Fungua mlango, piga picha tena kabla hujagusa kitu. Katoni zilizolowa au kubonyea ziandike kwenye karatasi ya mapokezi hapohapo mbele ya dereva, kwa sababu ukisaini kwamba vyote viko salama umejifunga mwenyewe. Kwa kanuni za Hague-Visby, za wajibu wa msafirishaji kwa mzigo, ambazo BL nyingi zinafuata, uharibifu usioonekana kwa nje una siku 3 za kutoa taarifa kwa maandishi, na ukitaka kwenda mahakamani una mwaka mmoja. Humohumo kuna kikomo cha fidia, 666.67 za ile pesa ya IMF, SDR, kwa kila kifurushi au 2 kwa kilo, kipi kikubwa, na kifurushi ni kile kilichohesabiwa kwenye BL. Ukiandika "paleti 20" una vifurushi 20. Ukiandika "paleti 20 zenye katoni 800" una 800. Ni mstari mmoja tu kwenye hati, hakikisha umeandikwa hivyo kabla meli haijaondoka maana baadae haubadiliki.

Zilizolowa zitenge siku ileile, usizitupe mpaka mkaguzi wa bima azione, ila usiziache zimegusana na kavu, ukungu hausubiri mkaguzi. Na zile rimu ambazo ziko salama zipeleke stoo, ziinue kutoka sakafuni, uziache kwenye vifungashio vyake siku moja au mbili zizoee hewa ya pale kabla mtu hajafungua ya kwanza kuiweka kwenye printa.